Mpeni mtoto swali, msimpe dodoso

Swali

Shikamoo Mwalimu. Nipo kitengo cha ufuatiliaji na tathmini katika shirika moja linalohudumia wakimbizi mkoani Kigoma. Mfadhili ametuandikia kwamba utafiti wetu ujao, ambao ndio utatumika kupanga upya huduma za maji, vyoo na ulinzi wa watoto kambini Nyarugusu, lazima uwe na watoto kama "watafiti wenza". Bosi wangu anasema tuchukue watoto ishirini wa sekondari, tuwafundishe siku mbili kujaza dodoso kwenye simu, wakawahoji wenzao, kazi iishe. Roho inanisita. Huku ni kuwashirikisha au kuwatumikisha? Na hata tukifanya vizuri, hao wakubwa wa kwenye vikao watayachukulia kwa uzito maneno ya watoto?

Jibu

Marahaba mwanangu. Una haki ya kusita. Anachopendekeza bosi wako kinafanyika sehemu nyingi, na kinapendwa kwa sababu ni chepesi. Watoto wanavalishwa fulana, picha zinapendeza kwenye ripoti, na kazi ya kuzunguka zoni kwa zoni juani inafanywa na watu wasiojua kudai posho. Roger Hart, katika kijitabu alichoandikia kituo cha utafiti cha UNICEF kule Florence mwaka 1992, alichora ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vipandio vinane. Vitatu vya chini kabisa, alisema, si ushiriki hata kidogo: kuwatumia watoto kwa hila, kuwafanya pambo, na kuwaweka kwa jina tu. Mpango wa fulana na simu unazunguka humo humo, hata kama watoto wenyewe watafurahi siku ile.

Mimi hulitazama hivi. Utafiti una sehemu tatu: kuamua nini kiulizwe, kukusanya majibu, na kuamua majibu yana maana gani na yafike mezani kwa nani. Mashirika mengi huwapa watoto sehemu ya katikati, yakabaki na zile mbili za pembeni. Nakushauri ugeuze. Wape watoto mwanzo na mwisho, na hapo katikati uwape kidogo, kwa tahadhari kubwa. Katikati ndiko kwenye hatari nyingi na mamlaka kidogo kuliko kote.

Sheria sitaikalia sana, maana ipo na iko wazi. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika kila jambo linalomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upeo wake. Mkataba wa Afrika wa 1990 unasema hivyo pia katika ibara ya 4 na ya 7. Hapa kwetu, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinakataza kumnyima mtoto anayeweza kuwa na maoni nafasi ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Sheria hiyo hiyo inaweka umri wa chini wa kufanya kazi kuwa miaka 14, tena kazi nyepesi. Mkumbushe bosi wako hilo: mtoto wa miaka 13 anayetembea kutwa nzima akijaza madodoso anafanya kazi ya karani wa utafiti, hata mkimwita mtafiti mwenza.

Kabla ya mambo ya vitendo, nikukumbushe kisa kimoja, kwa sababu kinajibu swali lako la pili kabla hatujalifikia. Oktoba na Novemba 2001, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, pamoja na Save the Children ya Uingereza walifanya utafiti katika kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone juu ya ukatili dhidi ya watoto. Watoto wakasema jambo ambalo hakuna fomu ya tathmini iliyokuwa na sehemu ya kulijaza: kwamba baadhi ya watu wanaogawa msaada walikuwa wakidai ngono kutoka kwa wasichana ili wawape chakula, mafuta, turubai. Matokeo yalipotangazwa Februari 2002 dunia ya misaada ilitikisika. Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka uliopiga marufuku mfanyakazi yeyote wa Umoja huo kufanya ngono na mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria ya nchi inaruhusu umri mdogo zaidi, na bila kukubali kisingizio cha "sikujua umri wake". Ile karatasi ya maadili uliyotia saini ulipoajiriwa, pamoja na namba ya malalamiko iliyobandikwa ukutani kwenu, asili yake kwa sehemu kubwa ni maneno ya watoto wale.

Kwa hiyo sera hubadilika. Ila angalia upande wa pili wa kisa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliporudi kufuatilia, hawakuweza kuthibitisha sehemu kubwa ya madai kwa kiwango cha ushahidi wanachotaka wao. Watafiti walikuwa wamekusanya simulizi, na simulizi ya utafiti na ushahidi wa kumshtaki mtu ni vitu viwili. Wanaoingia kambini kuzungumza na watoto bila kupanga mapema kwamba tukisikia jambo la jinai tutalipeleka kwa nani, lini na kwa namna gani, huwaacha watoto wamefunua siri na mtuhumiwa bado yuko kwenye dirisha la mgao. Hilo nitalirudia.

Mwanzo: nani anachagua swali

Mfadhili wako ameshasema utafiti ni wa maji, vyoo na ulinzi. Hapo hamna la kufanya, na watoto wasidanganywe kwamba mada iko wazi wakati haiko wazi. Ndani ya mada hiyo, hata hivyo, kuna nafasi kubwa. Watu wazima wakikaa kupanga dodoso la vyoo wataandika: kaya ina choo? Kiko umbali gani? Kina mlango? Mkae na wasichana wa miaka 14 na karatasi kubwa na kalamu za rangi, wachore ramani ya sehemu wanazopita kutoka asubuhi hadi usiku, na uwaombe waonyeshe wanapoharakisha hatua. Utashangaa mlango wa choo unavyokuwa jambo dogo kuliko njia ya kwenda chooni, au kundi linalokaa bombani jioni, au safari ya kuni nje ya kambi. Baada ya ramani wape punje za maharage wapigie kura mambo matatu yanayostahili kuulizwa kambi nzima. Hayo matatu yaingie kwenye utafiti kama walivyoyasema, kwa maneno yao, hata kama mtaalamu wenu wa maji atanuna.

Nani wakae kwenye kundi hilo? Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na bosi wako. Ukimwomba mwalimu mkuu watoto ishirini, atakupa viranja na wenye kuongea vizuri mbele ya wageni. Pale Nyarugusu kuna jambo la ziada: watoto wa Kikongo wanasoma kwa mtaala wa Kongo na kwa Kifaransa, wa Kirundi wamezoea mtaala wa Burundi, na Kiswahili cha watoto waliotoka Kivu Kusini si hiki cha dodoso lililoandikwa Dar es Salaam. Ukichagua kwa kigezo cha shule na lugha ya ofisi umeshawaacha nje wale unaowahitaji kuliko wote. Tafuta aliyeacha shule, anayelea wadogo zake, binti mwenye mtoto mgongoni, asiyesikia, anayeishi na familia ya malezi. Wahudumu wa jamii wanawajua. Nane mpaka kumi kwa kundi wanatosha, wasichana na wavulana wakikaa makundi tofauti kwanza, umri wa miaka 12 hadi 17. Wadogo zaidi nao wana haki ya kusikilizwa, maana Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa katika maelezo yake ya jumla namba 12 ya mwaka 2009 ilikataa kuweka umri wa chini. Ila hao washirikishe kwa michoro na michezo, na usiwabebeshe jukumu la kundi.

Na usipange kikao siku ya mgao. Hakuna atakayekuja, au atakuja aliyepigwa nyumbani kwa kuacha foleni.

Katikati: mahali pa kujizuia

Watoto wanaweza kukusanya taarifa, tena wapo mahiri. Wanaweza kuhesabu mabomba yanayofanya kazi na yasiyofanya kazi, kupima foleni ya maji kwa saa, kutembea njia ya shuleni wakiandika walichokiona, kuongoza mazungumzo ya wenzao kuhusu jambo lisilo na kidonda. Kitu ambacho hawapaswi kufanya ni kumhoji mtoto mwenzao juu ya kupigwa, kubakwa, au nani aliuawa nyumbani kwao. Anayeuliza hana mafunzo ya kubeba jibu, na kesho atakutana na aliyejibu kwenye foleni ile ile ya maji. Kambi ni kijiji, habari haikai. Mambo hayo yaachiwe watu wazima wenye ujuzi, tena pale tu yanapolazimika, na kwanza muulize kama taarifa hizo hazipo tayari kwenye mafaili ya huduma.

Kuna mada nyingine ambayo haionekani ya hatari mpaka iwe imeshaleta madhara: kurejea nyumbani. Mtoto wa Kirundi anayerekodiwa akisema wazazi wake hawataki kurudi, na kwa sababu gani, ameitolea familia yake kauli ya kisiasa bila kujua. Kauli hiyo ikiandikwa pamoja na zoni na kijiji, hata bila jina, inatambulika. Kwenye madodoso yenu futeni kila swali ambalo jibu lake linaweza kusomwa hivyo.

Ridhaa ina ngazi. Kwanza kibali: COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa utafiti wenyewe, na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kwa kuingia kambini. Halafu mzazi au mlezi. Halafu mtoto mwenyewe, naye akubali kila mkikutana, maana aliyekubali Jumatatu anaweza kuwa amechoka Alhamisi. Mtoto aliyekuja peke yake, asiye na mzazi wa kutia saini, asiachwe nje kwa sababu ya karatasi. Afisa wa ulinzi wa mtoto anayeshughulikia faili lake pamoja na familia inayomlea wanaweza kusimama naye. Wapeni watoto njia ya kukataa isiyohitaji ujasiri, kwa mfano kadi anayoigeuza tu, kwa sababu katika malezi yetu mtoto kumwambia mtu mzima "sitaki" ni utovu wa adabu, na mtu huyo akiwa mgeni mwenye gari la shirika ndiyo kabisa.

Kitu cha kwanza kuwaambia, kabla hata ya kufahamiana, ni kile usichoweza kukificha. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa. Kwa hiyo msiahidi siri isiyo na mpaka. Semeni: "Mkituambia kuna mtoto yuko hatarini, tutamwambia fulani, na tutawaambia ninyi kabla ya kwenda." Fulani huyo awe na jina, awepo kambini siku zote za utafiti, na awe amekubali kwa maandishi. Kama hayupo, ahirisheni.

Malipo yana mabishano yake. Wengine wanasema kumlipa mtoto kunanunua ridhaa, wengine kwamba kutomlipa ni unyonyaji. Pesa taslimu siipendi, hasa kambini. Mwaka 2023 mgao wa chakula wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, katika kambi za Kigoma ulishuka hadi nusu, na katika hali kama hiyo hela kidogo inatosha kumfanya baba amlazimishe mtoto ahudhurie. Chakula cha kushiba siku ya kikao, sabuni, madaftari, na nauli ikihitajika, vinatosha. Na kiwango kijulikane na kamati ya wakimbizi mapema, kiwe sawa na cha mashirika mengine, msije mkaanzisha soko la watoto watafiti.

Mwisho: kusoma majibu, na nani asikie

Uchambuzi ndio sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayonyimwa watoto kuliko zote, kwa kisingizio kwamba ni ya kitaalamu. Chukueni yale waliyoyasema watoto kambi nzima, ondoeni majina na kila kinachomtambulisha mtu, andikeni kila kauli kwenye kipande chake cha karatasi. Mwageni vipande chini. Kundi la watoto liyapange mafungu na kuyapa majina. Mtaalamu angeweza kuweka robo ya vipande kwenye fungu moja liitwalo "usalama". Watoto hulivunja: ya njiani peke yake, ya kwenye foleni peke yake, ya usiku peke yake. Mgawanyo huo una thamani kwa mpangaji wa huduma, kwa sababu kila fungu lina mwenye kulishughulikia tofauti. Taa si kazi ya msimamizi wa foleni. Wakibishana, msiwapatanishe, andikeni kwamba wasichana waliona hivi na wavulana hivi.

Kisha meza. Laura Lundy wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, aliandika mwaka 2007 kwamba ibara ya 12 haitimii kwa sauti peke yake. Kunahitajika nafasi, sauti, msikilizaji na athari. Sisi watu wa mashirika tumekuwa hodari wa viwili vya kwanza. Tazama Sierra Leone baada ya Ebola. Mwaka 2015 Save the Children, World Vision, Plan International na UNICEF waliwauliza zaidi ya watoto 1,100 katika wilaya tisa nchi yao ijengwe upya vipi. Shule zilikuwa zimefungwa miezi mingi, na watoto walieleza walichokiona: masomo kupotea, kazi ngumu, wasichana kudhulumiwa na kupata mimba. Mwaka huo huo serikali ikatangaza kwamba wasichana wenye mimba inayoonekana hawaruhusiwi kukaa darasani na wenzao. Watoto walitaja tatizo, wakubwa wakamwadhibu aliyepatwa nalo. Zuio lile liliondolewa Machi 2020, na kilicholisukuma zaidi ni hukumu ya Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ya Desemba 2019. (Wasomaji wa Tanzania hatuna haki ya kuwacheka, letu lilidumu hadi Novemba 2021.)

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza haiko kwa watoto kabisa, iko kwa wenye maamuzi, kabla utafiti haujaanza. Nenda kwa msimamizi wa maji, wa elimu, wa ulinzi na kwa ofisi ya mkuu wa makazi, ukamuulize kila mmoja: ni jambo gani mnaweza kulibadilisha ndani ya miezi mitatu bila kuomba ruhusa nje ya Kigoma? Saa za kufungua bomba. Mahali pa kujenga vyoo vipya. Dirisha la mgao kwa kaya zinazoongozwa na watoto. Yaandike, wayatie saini. Hiyo ndiyo orodha ya mambo mtakayowaambia watoto kwamba yanaweza kubadilika. Ukubwa wa mgao hauamuliwi Kasulu, wilaya ilipo kambi, nao watajua hivyo tangu siku ya kwanza.

Matokeo yakiwa tayari, wakubwa hao waende walipo watoto, wakae kwenye mabenchi yale yale. Kumpeleka mtoto mmoja kwenye ukumbi wa hoteli Dar es Salaam asome hotuba aliyoandikiwa ni maonyesho. Kwa kila pendekezo kiongozi ajibu moja kati ya matatu: tutafanya kufikia tarehe fulani, hatutafanya kwa sababu hii, bado tunatafakari na tutarudi siku fulani. Jibu la "hatutafanya kwa sababu" watoto hulipokea vizuri kuliko tunavyodhani. Kimya ndicho kinachowafanya wasije tena.

Kuhusu uzito wa matokeo: mtakapoambiwa kwamba watoto wachache hawawakilishi kambi, kubalini, kwa sababu ni kweli. Utafiti wa namna hii hauwezi kusema asilimia ngapi ya wasichana wanaogopa njia ya bombani. Unaweza kusema wanaogopa nini, saa ngapi, mahali gani, na nini wameshajaribu kujikinga. Asilimia mtazipata kwa utafiti wa kaya, mkitumia maswali waliyoyaleta watoto. Mkiviweka viwili pamoja hakuna mtakwimu mwenye haki atakayewarudisha. Na mfadhili akitaka msingi wa kisera, mwonyeshe viwango vya chini vya ulinzi wa mtoto katika hali za dharura, toleo la 2019, na mwongozo wa IASC, kamati inayounganisha mashirika ya misaada, wa 2020 kuhusu kufanya kazi na vijana katika majanga. Vyote vinadai ushiriki wenye maana.

Majina nayo yatazua ubishi. Watoto watataka majina yao kwenye ripoti, na wana haki ya kutaka, kazi ni yao. Kambini siwezi kushauri hivyo. Kundi lijichagulie jina na hilo ndilo liandikwe kama mwandishi mwenza. Kila mtoto apewe mkononi cheti chenye jina lake halisi, kisichopigwa picha wala kuwekwa mtandaoni. Nyuso zao pia zisionekane, hata mfadhili akilalamika.

Usikubali kazi hii kama muda ni wiki mbili, kama uamuzi umeshafanyika na utafiti ni wa kuuhalalisha, au kama hakuna pa kumpeleka mtoto atakayeonekana kuumia. Katika hali hizo fanyeni mahojiano ya kawaida na watu wazima na wahudumu, na kama mmezungumza na watoto kidogo, andikeni "tuliwahoji watoto". Neno "watafiti wenza" liachwe kabisa.

Sasa rudi kwenye andiko lenu kabla halijapelekwa COSTECH. Toa ule mstari wa mafunzo ya siku mbili ya kujaza dodoso. Weka fedha za vikao vya kuchagua maswali mwezi wa kwanza, mshahara wa afisa wa ulinzi kwa kipindi chote, wakalimani wa Kirundi na wa lugha ya alama, na safari ya kurudisha majibu kambini miezi mitatu baada ya ripoti. Huo mstari wa mwisho ndio watakaotaka kuukata bajeti ikibana. Uandike ndani ya kazi za utafiti wenyewe, usiuweke kwenye usambazaji wa matokeo, ndipo kuukata kutahitaji kibali kipya.